Kabla ya kutoa damu ya vipimo vya uzazi, hesabu siku zako

Kazi yangu ni kutoa watu damu maabara. Mwanamke akinipa fomu ya vipimo vya uzazi, kabla sijamfunga mpira mkononi namuuliza: leo siku ya ngapi tangu uanze hedhi? Wengine hunikodolea macho kana kwamba nachungulia chumbani kwao. Lakini jibu lile ndilo linaloamua kama tutoe damu leo au aende zake.

Siku ya 1 ni ile damu inapotoka kweli. Matone ya kahawia ya jana yake usiyahesabu.

FSH (homoni inayokuza mayai) na estradioli (homoni ya kike itokayo kwenye ovari) hupimwa siku ya 2 hadi ya 4, na zipimwe pamoja. Estradioli ikiwa juu huweza kuishusha FSH, ukaona namba nzuri kumbe tatizo limefunikwa.

Projesteroni ndiyo inayowaponza wengi. Inapimwa kujua kama yai limetoka, na fomu nyingi huandikwa "siku ya 21". Hiyo ni kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Kanuni yenyewe ni siku 7 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 aje siku ya 28. Nilishampokea dada aliyekuja na majibu ya siku ya 21, analia kwamba mayai yake hayatoki. Mzunguko wake ulikuwa wa siku 35! Tulirudia siku ya 28, projesteroni ikawa imepanda vizuri tu. Kama siku zako hazieleweki, daktari anaweza kukupangia kupima kila wiki mpaka hedhi ije.

AMH haina siku maalumu, ila sema kama unatumia dawa za uzazi wa mpango, zinaweza kuishusha. Inakadiria akiba ya mayai. Haisemi kama utashika mimba au la.

Prolaktini, homoni ya maziwa, inataka utulivu. Mimi mwenyewe nilipopimwa nilipanda ngazi mbio nikiogopa kuchelewa, nikakaa kwenye kiti nahema. Ikaja juu. Siku nyingine nikapumzika nusu saa kwanza, ikawa sawa. Na kama unameza vidonge vya nywele na kucha, taja mapema: vingi vina biotini, aina ya vitamini, nayo huvuruga mashine za homoni, pamoja na TSH ya tezi ya shingo.

Vipimo vya maambukizi havina siku wala havihitaji kufunga: VVU, kaswende, homa ya ini B. Rubela (surua ya Kijerumani) tunatafuta kinga. Ukikosa, unachanjwa na kusubiri mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba. Klamidia, ugonjwa wa zinaa, sikiliza vizuri. Kingamwili kwenye damu zinaonyesha uliwahi kukutana na vijidudu, pengine miaka mingi nyuma, kwa hiyo usiende kumvaa mwenzio. Maambukizi ya sasa hutafutwa kwa mkojo au kwa kijiti cha ukeni. Kingamwili zikionekana, daktari huenda akataka mirija ya uzazi iangaliwe kwa picha, maana damu haiwezi kuonyesha mirija iliyoziba.

Mwenzio naye apime mbegu wiki hiyohiyo, asingoje majibu yako.

Siku yenyewe kunywa maji, vaa nguo ya mikono inayopandika, na ukishatolewa bonyeza pamba bila kukunja kiwiko. Kabla hujatoka, hakikisha siku ya mzunguko imeandikwa kwenye fomu. Mimi huwa naiandika kubwa, pembeni ya jina.