Somo: Santuri za jazz, tangu kusikiliza hadi kuandika majina ya wapigaji

Vijana wa Tabora na Kigoma wananiuliza waanzie wapi. Wengine wamerithi sanduku la santuri kwa babu, wengine wameshanunua mashine, na karibu wote swali lao la kwanza ni bei. Bei naiacha kando. Mimi muziki huu nilianza kuupenda kwenye redio ya masafa mafupi, kwenye kipindi cha jazz cha Sauti ya Amerika alichokianzisha Willis Conover mwaka 1955. Mzee yule aliongea Kiingereza cha polepole kiasi kwamba akimtaja mpigaji, ukiwa na kalamu mkononi, unawahi kuandika jina. Tangu hapo nimeshika jambo moja: santuri ambayo hujui nani kaipiga, bado hujaipata.

Hatua ya 1: Msikilize mtu mmoja mmoja

Chukua albamu ya Kind of Blue ya Miles Davis, maana inapatikana kirahisi hata kwenye simu. Ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Miles yuko kwenye tarumbeta, John Coltrane saksafoni ya tena, Cannonball Adderley saksafoni ya alto, Paul Chambers besi, Jimmy Cobb dramu. Piano ni ya Bill Evans, isipokuwa wimbo wa pili, ambao kaupiga Wynton Kelly.

Mara ya kwanza sikiliza yote bila kufikiri sana. Mara ya pili fuata besi peke yake. Kwenye wimbo wa kwanza, utangulizi wa taratibu ukishapita, besi ndiyo inayotoa mwito na wenzake wanaitikia kwa noti mbili, kama kiitikio cha ngoma ya Kinyamwezi. Mara ya tatu fuata saksafoni. Akishamaliza Miles anaingia Coltrane, anazibana noti na kuzisukuma kwa msongo. Kisha anaingia Adderley, na hewa inabadilika palepale: huyu anacheka, ana blues mdomoni. Mapigo ni yaleyale, wimbo ni uleule, lakini ni watu wawili tofauti kabisa. Ukishaweza kuwatofautisha hao bila kutazama jalada, sikio lako liko tayari.

Sasa fanya hivyohivyo kwa Tabora Jazz, bendi yetu ya dansi iliyojulikana kwa mtindo wake wa Segere Matata. Usikimbilie gitaa la solo, kila mtu huanza hapo. Anza na ridhimu, gitaa linaloshika mwendo wa wimbo. Gitaa la ridhimu halisifiwi na mtu, lakini likitoka wimbo mzima unakaa chini.

Hatua ya 2: Geuza upande wa pili

Hili nalisema kwa mkazo, kwa sababu nimeona watu wanasikiliza upande mmoja wa santuri ndogo na kuitupa. Santuri hiyo, ya kasi ya mizunguko 45 kwa dakika, hubeba dakika chache tu kila upande, na nyimbo za dansi zilikuwa ndefu. Kampuni zikaukata wimbo vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, wa pili magitaa yameachiwa. Mpigaji wa solo uliyemsikia kwa mbali nyuma ya waimbaji, upande wa pili anakuja mbele. Ukitaka kujua bendi ilikuwa na nani, huko ndiko kwa kumtafuta.

Hatua ya 3: Soma santuri kabla ya kuipiga

Ishike ukingoni, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Kati ya mwisho wa mifereji na lebo kuna sehemu laini yenye herufi na namba zilizochorwa. Namba hizo zinakuambia zaidi ya jalada. Kwenye santuri za Blue Note, kampuni ya jazz ya Marekani, za miaka ya 50 na 60 utakuta herufi RVG, maana yake fundi sauti wao, bwana Rudy Van Gelder mwenyewe, ndiye aliyechonga sahani mama ambayo santuri zilinakiliwa kwayo.

Santuri nyingi za bendi zetu zilitoka Nairobi. Bendi za Tanzania zilikuwa zinasafiri kwenda kurekodi huko, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikakatika. Nyumbani, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwenye utepe kwa ajili ya kurusha hewani. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi mbili tofauti: ya Nairobi iliyokatwa vipande viwili, na ya redio iliyopigwa mfululizo, pengine na wapigaji wengine. Usiandike “ni uleule” mpaka umezisikiliza zote mbili.

Hatua ya 4: Andika majina

Hapa ndipo penye kazi. Tazama lebo ya santuri ndogo ya bendi yoyote ya huku kwetu magharibi mwa Tanzania. Utaona jina la wimbo, jina la bendi, namba, ukibahatika na jina la mtunzi. Aliyepiga besi hayupo. Aliyepiga tumba hayupo. Na usidhani ni sisi tu. Santuri nyingi za zamani za Marekani za kasi ya 78 nazo ziliandikwa jina la bendi peke yake. Majina ya wapigaji tunayoyajua leo yalifukuliwa na wapenzi wa muziki. Mfaransa Charles Delaunay alichapisha orodha yake mwaka 1936, mtu na chombo chake, na wengine wakaiendeleza. Kazi hiyo kwa Kiko Kids ya Salum Zahoro, kwa Nyanyembe Jazz, kwa Tabora Jazz na kwa Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma, tunaoweza kuifanya vizuri kuliko wote ni sisi tunaokaa hapa.

Utaratibu wangu ni huu. Nenda kwa mzee ukiwa na wimbo kwenye simu na spika ndogo. Usianze na maswali, mpigie kwanza. Ukimuuliza mtu mikono mitupu “bendi ilikuwa na nani?” atakutajia viongozi tu. Akisikia besi inaingia, jina linatoka lenyewe. Ndipo usimamishe, uulize chombo kimoja kimoja: solo nani, ridhimu nani, besi nani, tumba nani, sauti ya pili nani. Andika papo hapo, weka tarehe, weka jina la aliyekuambia, na utenganishe alichokuwa na hakika nacho na alichokisia. Kisha nenda kwa mzee wa pili bila kumwambia wa kwanza kasemaje. Wakitofautiana, andika yote mawili.

Muulize pia mwaka, kwa sababu wanamuziki hawa walihama kwa reli. Mfano mzuri ni Shem Karenga, mtunzi wa Dada Asha. Ni mzaliwa wa Kigoma, aliimba Lake Tanganyika Jazz, akaja Tabora Jazz, baadaye akawa Dar es Salaam na MK Beats, hadi alipofariki mwaka 2014. Sauti ileile, bendi tatu. Bila mwaka, daftari lako litakupoteza.

Hatua ya 5: Usafi na hifadhi

Hapa sikai sana. Tumia maji ya betri yale yasiyo na asidi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukizungusha kufuata mifereji, na lebo isilowe. Spiriti usiiguse kwenye santuri za 78, zinayeyuka. Zianike kivulini, zimesimama. Kabatini pia zisimame, usizilaze kwa kupangana, na kabati lisikae ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kiangazi chetu cha Septemba na Oktoba kinakunja santuri, na mchwa wanapenda majalada.

Maswali ya wanachama

Kutoka Ujiji: Shikamoo mzee. Shemeji kaniletea mashine ya zamani kutoka Marekani. Nimeiweka na transfoma lakini kila wimbo unaburuta. Ni sindano?

Marahaba mwanangu. Sindano haina kosa. Transfoma imeshusha volti, lakini haibadilishi mapigo ya umeme. Kwao ni hezi 60, kwetu 50, na mota za aina hiyo zinafuata mapigo. Inazunguka pungufu kwa moja ya sita, ndiyo maana sauti inazama. Mpelekee fundi akuchongee puli kubwa kidogo ya mota. Mashine zenye mota ya umeme wa betri hazina shida hiyo.

Kutoka Kanyenye: Nina kanda za marehemu baba alizorekodi kutoka redioni. Mtangazaji anaongea juu ya wimbo. Nimkate?

Usimkate hata kidogo. Huyo mtangazaji pengine anataja bendi, mtunzi, hata tarehe. Hamisha kanda nzima kwenye kompyuta kwa faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, bila kusafisha kelele, ulihifadhi hivyo. Ukitaka ya kusikiliza, tengeneza nakala nyingine ukate humo. Kanda ikiwa na ukungu usiipige kwenye redio yako nzuri kabla haijasafishwa.

Kutoka Nzega: Western Jazz niiweke kwenye bendi za Dar au za kwetu?

Ilianzishwa Dar mwaka 1959, lakini mwanzilishi wake Iddi Nhende ni mtu wa Nzega, na jina la Western linaelekeza huku. Mimi rafuni nimeiweka Dar, kwenye daftari nimeiandika pia Tabora. Saboso, mtindo wao, usikilize karibu na Segere Matata, utapata mengi.

Kutoka Kigoma mjini: Naweza kuweka nyimbo hizi YouTube ili zisipotee?

Kuhifadhi ni kitu kimoja, kusambaza ni kingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Tafuta familia kwanza, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo wa kukuelekeza. Majina ya wapigaji, hayo yasambaze leo.

Kutoka Isevya: Mzee mmoja mtaani kwetu alikuwa mpiga besi. Hataki kuulizwa, anasema watu huja, wanachukua picha, hawarudi.

Ana haki. Mpelekee nyimbo za bendi yake kwenye memori kadi, mwachie, uondoke bila kuuliza kitu. Rudi kumsalimia tu. Siku atakapoanza mwenyewe kusema “hapo ni fulani”, andika mbele yake, umsomee ulichoandika, na jina lake uliandike anavyotaka liandikwe. Nakala ya ukurasa huo iwe ya kwake.