Jinsi ya kufuatilia Mtwara inavyobadilika, kwa simu yako tu

Ukimwambia mtu mji umebadilika anaanza kutafuta maghorofa. Mtwara ukihesabu maghorofa utamaliza kabla chai haijapoa. Huku vinavyosimama juu ni winchi za bandarini, minara ya simu, mapaa marefu ya maghala ya korosho, na ukitoka nje ya mji pale Msijute kuna mitambo ya saruji ya Dangote, ile iliyozinduliwa 2015. Kwahiyo ukitaka kuweka kumbukumbu ya mji wetu usinyanyue macho sana, angalia mapaa, fensi na barabara.

Kabla hujatoka na simu jua historia kidogo, la sivyo utapiga picha ya uwanja mtupu ukadhani hakuna kitu. Baada ya vita Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga, 1947, baadhi ya mashamba yakiwa upande wa Nachingwea, wakataka bandari ya kina kirefu na reli ya kushusha mzigo. Karanga zikafeli, 1951 mradi umeshakufa, ila bandari ikaendelea kujengwa mpaka ikafunguliwa 1954, na mji ukachorwa mkubwa kuliko watu waliokuwepo. Ndio maana barabara zetu pana vile na mitaa imeachana, mgeni anauliza mbona mji una mapengo. Reli nayo haikukaa, mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Kwahiyo mapengo mengine ni ya mji uliochorwa ukasubiri watu, na siku hizi ndio yanajazwa.

Sasa chagua vituo vyako. Vitatu au vinne vinatosha, ukichagua kumi utachoka mwezi wa pili, nakwambia mimi niliyeanza na kumi na mbili. Changu cha kwanza ni ng'ambo, Msangamkuu. Panda kivuko pale Feri asubuhi, ukishuka tafuta sehemu unaiona bandari yote, jua linakuwa mgongoni kwako na mji uko mbele umewaka vizuri. Cha pili weka kwenye maghala, cha tatu mtaa unaojengwa sasa hivi, hata kama ni nyuma ya kwenu. Ukiweza ongeza Mikindani, sababu kule kuna boma la Wajerumani la 1895 na nyumba za mawe za zamani, unapata kipimo cha kitu kisichokimbia.

Kazi yenyewe iko kwenye kurudi palepale, na hapa wengi tunaharibu. Usikumbuke kwa kichwa eti "nilisimama karibu na mwembe", mwembe unakatwa. Tafuta vitu viwili, kimoja karibu kimoja mbali, vilingane kwenye mstari mmoja, mfano nguzo ya umeme na pembe ya paa la ghala, afu tafuta jozi nyingine upande wa pili, pale mistari miwili inapokutana ndio miguu yako ikae. Weka na pini kwenye ramani ya simu. Shika simu kwa ulalo, usivute zumu hata kidogo, piga tatu tatu. Kama picha ni ya ufukweni angalia maji pia, maana bamvua likijaa na maji yakikupwa utadhani ni pwani mbili tofauti, kwahiyo rudi maji yakiwa hali ileile. Mi napiga mara mbili kwa mwaka, Julai kabla ya msimu wa korosho na Novemba maghala yakiwa yamejaa na malori yamepanga foleni. Faili lipe jina la mwaka, mwezi na kituo, basi.

Bandarini kuwa na adabu. Kuna siku nilisimama nje ya fensi ya eneo moja, mlinzi akaja mbio akaniambia mdogo wangu futa hizo, nikafuta zote pamoja na za asubuhi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Omba ruhusa au piga kutoka mbali, ng'ambo hakuna anayekusumbua.

Kwa miaka ambayo hukuwepo tumia Google Earth ya kompyuta, ni bure, kuna kitufe chenye alama ya saa, ukikibonyeza unarudisha picha za satelaiti nyuma. Nenda bandarini uone gati jipya la mita 300 likitokea, afu nenda Madimba ulione eneo la kuchakata gesi kabla halijafyekwa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 lakini bomba la kwenda Dar limekamilika 2015, na katikati hapo ndio watu walikimbilia viwanja na kujenga lodge, zingine mpaka leo nondo zimechomoza juu ya slabu zinasubiri ghorofa ya pili. Nondo hizo zipige picha, zinakwambia mwenye nyumba alikuwa anategemea nini.

Satelaiti haikwambii ghala lilikuwa la nini. Hapo tafuta wazee, na usiulize "zamani palikuwaje", utajibiwa "palikuwa pazuri" mazungumzo yaishe. Uliza njia. Mi nilimkuta mzee mmoja kibarazani jirani na jengo ambalo sasa ni stoo tu, nikamwambia shikamoo babu, akajibu marahaba mjukuu wangu, nikamuuliza ulikuwa unapita wapi kwenda kazini. Akanyanyua fimbo akanionyesha geti lililozibwa kwa tofali, pale waliingia wabanguaji wa korosho, kinamama wengi, geti la malori lilikuwa kule. Saa nzima. Korosho zilifika kama tani 145,000 msimu wa 1973/74 afu zikaporomoka mpaka chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 80, watu walishahamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiriunga nao ukaingia, viwanda vikakosa cha kubangua vikafungwa. Babu yeye alisema "geti lilizibwa mwaka niliooa mara ya pili". Andika hivyohivyo alivyosema, tarehe utaitafuta baadaye.

Kujua kinachokuja, soma mabango. Mabati yakizungushwa tu nenda kasome, kuna mwenye mradi, mkandarasi, namba ya kiwanja na kitalu. Alama ya X nyekundu ukutani maana yake unaijua, piga haraka. Manispaa nenda idara ya mipango miji uombe kuona mchoro wa eneo lako, uangalie limeandikwa makazi, biashara au viwanda, ukikuta nyumba za watu zimekaa penye rangi ya viwanda hicho ndio kituo chako kipya. Na iweke Kisiwa Mgao kwenye orodha mapema. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanapita bandari yetu hiihii inayopakia korosho, vumbi lake kila mtu analijua, mpango ni mizigo michafu kama hiyo ihamie bandari mpya kule. Picha ya kwanza piga sasa, kabla minazi na ngalawa hazijaisha.

Nakala weka sehemu mbili, simu ikizama kivukoni usilie.