RS-485 kwenye Raspberry Pi: mwachie kerneli kitufe

Mlinzi wa geti akiongea kwenye redio ya mkononi, mara nyingi neno lake la mwisho hukatika: "Gari linaingia geti namba mbi..." Kidole kimeachia kitufe kabla mdomo haujamaliza. RS-485 ya nyaya mbili, njia ya kuunganisha vifaa vingi kwenye laini moja ya waya, ina ugonjwa huohuo. Jozi moja ya waya inabeba maneno ya kila kifaa kilicho kwenye laini, kwa kupokezana, yaani hafu-dupleksi, na chipu yako ina pini inayofanya kazi ya kile kitufe. Kutuma ni rahisi. Kuachia kitufe kwa wakati ndiko kulikonipotezea wiki nzima.

Mfano wa hapa ni kusoma mita ndogo ya umeme, Eastron SDM120 yenye Modbus (lugha ya maswali na majibu kati ya vifaa), kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3, 4 au Zero 2 W. Pi 5 imepangwa tofauti ndani, kwa hiyo mwongozo huu hauihusu.

Hatua ya 1: Kagua chipu kabla ya kuunganisha chochote

Moduli nyingi za RS-485 za bei poa zinazouzwa Kariakoo zina chipu ya MAX485. Hiyo inataka volti 5, na pini yake ya RO, inayotoa data iliyopokelewa, itarudisha volti 5 kwenye Pi, ambayo pini zake ni za volti 3.3 tu. Tafuta yenye MAX3485 au SP3485. Soma maandishi yaliyo mgongoni mwa chipu yenyewe, hata kama ni kwa kutumia kamera ya simu. Nimewahi kuuziwa moduli ambayo mfuko wake uliandikwa 3.3V, ndani mna MAX485.

Hatua ya 2: Nyaya

```
Pini 1   3.3V           -> VCC
Pini 6   GND            -> GND
Pini 8   GPIO14, TXD    -> DI
Pini 10  GPIO15, RXD    -> RO
Pini 11  GPIO17, RTS    -> DE na RE pamoja
```

DE ikiwa juu, chipu inatuma. RE ikiwa chini, inapokea. Ukizifunga pamoja, waya mmoja unatosha kugeuza upande.

Upande wa pili, A inakwenda A na B inakwenda B. Tumia jozi moja iliyosokotwa ya kebo ya mtandao, na waya mwingine wa kebo hiyo uunganishe graundi. Mita imeshikana na umeme wa nyumba, kwa hiyo zima swichi kuu kabla hujafungua kifuniko chake.

Rezista za Ω120 zinakaa kwenye ncha mbili za laini tu. Moduli nyingi zinakuja na moja imeshachomelewa, na hapo ndipo watu wanaponaswa wakiunganisha moduli ya tatu. Zima kila kitu, weka multimita kati ya A na B: ukisoma karibu Ω60, uko sawa. Ukisoma Ω40 kuna rezista moja ya ziada mahali fulani, itafute uitoe.

Hatua ya 3: Ikomboe UART nzuri

UART ni sehemu ya Pi inayotuma na kupokea baiti kwenye waya. Pi zenye Bluetooth huipa Bluetooth ile UART bora, PL011, halafu wewe unaachiwa ile ndogo. Hiyo ndogo haina pariti (biti ya kukagua makosa) kabisa, na kasi yake inafuata saa ya kiini cha GPU, prosesa ya picha. Mita hii haitumii pariti ikitoka kiwandani, lakini vifaa vingi vya Modbus vinatumia pariti shufwa, na siku ukikutana navyo utahangaika bure. Mimi nazima Bluetooth tangu mwanzo.

Fungua `/boot/firmware/config.txt` (kwenye matoleo ya zamani ni `/boot/config.txt`) uongeze mwishoni:

```
enable_uart=1
dtoverlay=disable-bt
gpio=17=a3
```

Mstari wa tatu ndio unaoipa GPIO17 kazi ya RTS, ishara ya UART itakayokuwa kitufe chetu. Kisha ingia `raspi-config`, sehemu ya bandari ya siriali: kataa shell ya kuingilia, kubali hadiwea. Usipokataa, kila Pi inapowaka itazimwagia mita ujumbe wake wote wa kuwaka.

Washa upya, halafu hakikisha:

```
ls -l /dev/serial0
pinctrl get 17
uname -r
```

Ya kwanza ielekeze `ttyAMA0`, ya pili itaje `RTS0`, ya tatu, yaani toleo la kerneli (kiini cha Linux), iwe 5.15 au zaidi. Chini ya hapo, dereva wa PL011 hajui RS-485.

Hatua ya 4: Kitufe ashike nani?

Programu yangu ya kwanza ilifanya wanavyofanya wengi: pandisha GPIO, andika baiti, lala kidogo, shusha GPIO. Mezani, mita ikiwa moja, ilikwenda vizuri. Nilipoipeleka kwenye mita sita, na Pi ikawa na kazi nyingine za kufanya, majibu yakaanza kupotea bila mpangilio.

Mambo mawili yalikuwa yanatokea. `write()` inarudi baiti zikiwa bado kwenye foleni, hazijafika kwenye waya. Kwa kasi ya biti 2400 kwa sekunde kila baiti inachukua milisekunde 4.2, hivyo swali la baiti 8 linahitaji kama 33. Ukishusha mapema, baiti ya mwisho inakatika, CRC (namba ya kukagua makosa) haikubali, na Modbus haijibu swali bovu: unapata kimya, bila hata kosa. Ukichelewa, mita inaanza kujibu wewe bado umebonyeza, na mwanzo wa jibu unapotea. Hakuna `sleep` inayotibu yote mawili, kwa sababu Linux haikuahidi kukuamsha kwa wakati.

Kerneli yenyewe inajua ni lini baiti ya mwisho imetoka. Basi mwachie:

```
import serial, serial.rs485, struct

p = serial.Serial('/dev/ttyAMA0', 2400, parity='N', timeout=1)
p.rs485_mode = serial.rs485.RS485Settings(
    rts_level_for_tx=True, rts_level_for_rx=False)

p.reset_input_buffer()
p.write(bytes.fromhex('01 04 00 00 00 02 71 CB'))
jibu = p.read(9)
print(jibu.hex(' '))
if len(jibu) == 9:
    print(struct.unpack('>f', jibu[3:7])[0])
```

Maktaba inapatikana kwa `sudo apt install python3-serial`. Swali lenyewe linasema: mita namba 1, kazi ya 4, kuanzia rejista 0 (kisanduku cha kuhifadhi namba ndani ya mita), nipe rejista mbili. Hiyo ni volteji. Ukiona `43 66 33 34` katikati ya jibu, ni volti 230.2.

Hatua ya 5: Ikigoma

Kimya kabisa: badilishana A na B kwanza. Watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, na kuzigeuza hakuunguzi kitu.

`Inappropriate ioctl for device`: kerneli ni ya zamani, rudi hatua ya 3.

Jibu lina takataka ukiwa na mita zaidi ya moja: zote zimetoka kiwandani zikiwa namba 1, na zinajibu kwa pamoja. Unganisha moja moja, uipe namba yake kwa kufuata kijitabu cha mita, ndipo uzirudishe kwenye laini.

Na kama huna osiloskopu, chukua LED na rezista ya kilo-ohm moja, weka kati ya DE na graundi. Kabla programu haijafungua bandari taa inaweza kuwaka mfululizo, kwa kuwa RTS haijaamriwa chochote bado. Hali ya RS-485 ikishawekwa, izime, halafu ikonyeze mara moja kwa kila swali. Ikikonyeza na mita bado kimya, acha kugusa programu. Tatizo liko kwenye nyaya.