Kuhamia Ujerumani na watoto wadogo: anza hesabu na mwenzi asiye na mkataba

Tangu sheria ya Ujerumani ya uhamiaji wa wataalamu ianze kutumika tarehe 1 Machi 2020, na hasa baada ya Kenya kutia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi na nchi hiyo mjini Berlin mwezi Septemba 2024, wahandisi, wauguzi na wataalamu wa kompyuta wa Afrika Mashariki wamezidi kuulizia njia hiyo. Maswali karibu yote humhusu mwenye mkataba wa kazi: mshahara wake, viza yake, shahada yake. Huyo, hata hivyo, ana mwajiri wa kumwelekeza. Anayebaki nyumbani na watoto hana, na kwa maoni yangu hali yake ndiyo huamua kama familia itatulia au itafungasha kurudi.

Ikiwa mmoja wenu anaingia kwa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha ukaazi cha wataalamu, mwenzi wake ataruhusiwa kufanya kazi mara akipata kibali, na hadaiwi cheti cha Kijerumani ili apewe viza. Msamaha huo una mtego. Mwalimu wa Kisumu au muuguzi wa Mwanza atakuwa na ruhusa ya kufanya kazi, lakini taaluma yake inalindwa na sheria, kwa hiyo hawezi kuifanya mpaka vyeti vyake vitambuliwe na Kijerumani chake kifike kiwango kinachotakiwa. Nawashauri nyote wawili mwanze masomo ya lugha mkiwa bado nyumbani, na shahada za wote wawili zikaguliwe katika Anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje, wala si ya mwenye mkataba peke yake.

Jambo la pili ni anwani. Ndani ya wiki mbili baada ya kuingia kwenye makazi mnapaswa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi, hatua inayoitwa Anmeldung, mkiwa na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba mnaishi kwake. Namba ya kodi ya mapato hufuata usajili huo, na shughuli nyingine nyingi hukwama bila huo, ilhali vyumba vingi vya muda mfupi havitoi barua hiyo. Ndiyo maana ningependelea mwenye kazi atangulie kwa miezi miwili au mitatu, atafute nyumba, kisha familia ifuate. Dhamana haiwezi kuzidi kodi ya nyumba ya miezi mitatu, isiyojumuisha gharama za maji na joto, na sheria inawaruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Msishangae nyumba ikikabidhiwa bila jiko wala makabati. Huko ni kawaida.

Kisha kuna chekechea, yaani Kita. Tangu tarehe 1 Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata nafasi, lakini haki ni jambo moja na nafasi ni jambo jingine. Ombeni mapema kadiri mji wenu unavyoruhusu. Gharama hutofautiana sana: Berlin ilifuta ada mwaka 2018, wazazi wakabaki kuchangia chakula, ilhali kwingine ada ni mzigo halisi. Hata nafasi ikipatikana, mtoto hazoeshwi kwa siku moja. Mzazi hukaa naye darasani, akipunguza muda kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo mzazi huyo hawezi kuanza kazi. Huko hakuna shangazi wala dada wa kazi wa kuziba pengo, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kusafiri nani atakaa, na mwajiri aelezwe.

Kita haimpokei mtoto asiye na uthibitisho wa chanjo ya surua: dozi moja kwa aliyetimiza mwaka, mbili kwa aliyetimiza miaka miwili. Kenya na Tanzania huitoa katika miezi 9 na 18, kwa hiyo anayeondoka kabla ya miezi 18 amalizie Ujerumani, na kadi ya kliniki isafiri kwenye mkoba wa mkononi pamoja na vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa.

Kuhusu fedha, bima ya afya ya umma humjumuisha mwenzi asiye na kipato pamoja na watoto bila mchango wa ziada, lakini bima binafsi, ambayo wenye mishahara mikubwa hushawishiwa kujiunga nayo, hutoza kila mtoto peke yake. Posho ya watoto, iliyokuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto mwaka 2025, haiji yenyewe. Huombwa, na malipo ya nyuma hayazidi miezi sita. Ombeni mara tu mnapopata namba za kodi za watoto.