Jinsi ya kusoma utawala wa Valdemar IV wa Denmark bila kuchanganyikiwa

Kwanza hakikisha umeshika Valdemar sahihi maana wapo kadhaa, huyu ni wa 1340 hadi 1375. Usianze na vita, anza na madeni. Baba yake, Christopher II, aliiweka nchi rehani karibu yote kwa wakuu wa Holstein (eneo la kaskazini mwa Ujerumani ya leo), akafa 1332, ikapita miaka 8 Denmark haina mfalme kabisa, yaani we fikiria!

Sasa chukua ramani na penseli, kila sehemu aliyoikomboa weka alama na mwaka, utaona jamaa alivyorudisha nchi kipande kwa kipande, mara kwa pesa za kodi nzito mara kwa upanga. 1346 akawauzia Estonia wale wapiganaji watawa wa Teutonic kwa marki 19,000 za fedha apate hela ya kazi hiyo, mi naona alicheza vizuri hapo. Halafu weka alama Skåne (kusini mwa Sweden ya leo) 1360 na Visby (mji wa kisiwa cha Gotland) 1361, ndo akawachokoza wafanyabiashara wa Hansa, ule muungano wa miji ya biashara ya Kijerumani. Wakapigana naye wakamshinda, na kwa Mkataba wa Stralsund, 1370, Hansa wakashika ngome za Skåne miaka 15.

Binti yake Margrete msome kivyake.