Kuhamisha tenki la mafuta kwenye gari la porini: liwazie kwanza likiwa miguu juu

Wakuu, kazi hii inafanyika sana hapa Mwanza siku hizi, hasa kwa wenye Suzuki Samurai na Land Cruiser hadtop wanaonyanyua magari kwa ajili ya mawe ya huku kwetu na mbuga za Magu na Kwimba. Mafundi wengi wanaanza na swali la "litaenea wapi?" wakati swali la kwanza ni gari likilala ubavu au likipinduka kabisa, mafuta yataenda wapi na nyie mlioko ndani mtakuwa wapi. Ukijibu hilo vizuri, mambo mengine yote, mabano, mipira, geji, yanajipanga yenyewe.

Kwanza uwe na sababu. Tenki la Samurai, lita 40, linakaa nyuma kabisa chini ya sakafu ya buti, katikati ya mbavu mbili za chasisi. Ukishuka kwenye mlango wa kivuko pale Kamanga ukiwa na mzigo, au ukiteremka jiwe refu, nyuma ndo panapogusa. Ukisogeza eksi nyuma au ukibadilisha springi uweke za koili, tenki linakuwa limeshakaa njiani. Hizo ni sababu za maana. Lakini kama shida yako ni mawe tu, bati la kinga la milimita 4 chini ya tenki la kiwandani linamaliza kazi na hela inabaki mfukoni, na kama unataka tu lita ziongezeke, funga tenki la pili ukaache la kwanza palepale lilipo.

Sasa mahali. Pazuri ni kati ya eksi mbili, ndani ya chasisi, mbali na ekzosti. Shida ya gari fupi ni kwamba hapo pana propela, ile shafti inayopeleka mzunguko kwenye eksi, na propela ikikatika upande wa mbele inapigapiga kila kitu kilicho karibu, kwa hiyo ukiweka tenki hapo ni lazima uweke na pete ya chuma ya kuizuia isianguke. Wengi wanaishia kulipandisha kwenye buti, juu ya eksi, nyuma ya siti. Inakubalika, ila ujue unaleta mafuta ndani ya nyumba. Hapo ukuta wa bati kati ya tenki na abiria ni lazima, uzibwe kila upenyo kwa silanti, na chini ya tenki uache tundu la kutokea nje ili likivuja yamwagike chini na sio kwenye kapeti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi ukatoka dirishani, unalala sakafuni unasubiri cheche. Kwa sababu hiyohiyo usilishushe tenki la zamani gari likiwa juu ya shimo la gereji, lishushie uwanjani penye upepo, na betri uwe umeshaichomoa.

Na tafadhali, mdomo wa kujazia utokee nje ya bodi. Nimeona gari ambalo sheli unafungua mlango wa nyuma, unafungua mfuniko ndani ya buti, harufu inabaki humo mpaka unafika Sengerema. Hiyo sio kitu cha kuvumilia kabisa, hasa kama unabeba watoto.

Ujazo ni hesabu rahisi, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita halafu gawa kwa 1000. Tenki la 80 kwa 30 kwa 25 ni lita 60. Usipange kulijaza hadi juu, petroli ikipanda joto nyuzi 20 inaongezeka karibu asilimia 2, na hayo mafuta yametoka kwenye tenki la ardhini lenye ubaridi yanakuja kukaa kwenye gari lililoanikwa juani Buhongwa saa nane mchana, acha nafasi ya asilimia 5 hata zaidi. Uzito nao upige hesabu: lita 60 za dizeli ni karibu kilo 50, yaani mfuko wa simenti, na ukiufunga juu nyuma gari linakuwa jepesi kulala.

Kuhusu chuma, hapa niwe mkali kidogo. Usikubali bati la geti, lile lenye zinki, kwa kuwa eti halishiki kutu. Zinki na dizeli havielewani, zinayeyuka kidogokidogo zinaingia kwenye mafuta na zinaishia kwenye nozeli. Chuma cha kawaida cha milimita 2 kinatosha, ukipige rangi nzuri kwa nje, au aluminiamu ya milimita 3, au stenlesi. Mwanza tuna bahati kwamba wapo mafundi waliozoea kuchomelea stenlesi za viwanda vya samaki, mkono wao kwenye maungio ni tofauti kabisa na wa fundi wa mageti. Tafuta mmoja wa hao hata kama anachaji zaidi.

Ndani ya tenki weka kuta za kuzuia mafuta yasirukeruke, moja kila sentimita 30 hivi, zenye matundu na pembe zilizokatwa ili mafuta yapite chini na hewa ipite juu. Bila hizo mafuta yanagonga ukuta kila ukifunga breki, maungio yanachoka, na kwenye kona injini inakosa mafuta wakati tenki bado lina nusu. Bomba la kunyonyea lishuke kutokea juu ya tenki, lisitobolewe ubavuni wala chini, kwa sababu tenki likiwa juu kuliko kabureta na mpira ukachomoka wakati bomba liko chini, tenki lote linajimwaga lenyewe. Mdomo wake uishie sentimita moja hivi juu ya sakafu ya tenki, upande wa nyuma katikati, maana unapopanda jiwe ndo injini inahitaji mafuta zaidi na ndo mafuta yanakimbilia nyuma. Bomba la kurudishia liwe mbali na la kunyonyea, hasa dizeli, yanayorudi yana moto na mapovu. Chini kabisa weka nati ya kumwagia uchafu, iingie ndani kidogo isije ikang'olewa na jiwe. Huku ziwani usiku hewa ina unyevu, tenki lililobaki nusu linakusanya maji, na maji yanakaa chini ya mafuta, ukiifungua nati asubuhi kabla gari halijatikiswa unayatoa yote.

Haya sasa kupumua, hapa ndo watu wengi wanapochemka. Tenki linahitaji hewa iingie kadri mafuta yanavyotoka. Ukiziba, gari linaenda vizuri dakika ishirini halafu linazimika, ukifungua mfuniko unasikia "fyoooo", linawaka tena, watu wanabadilisha pampu na filta bure. Ukiacha tundu wazi tu, siku gari likilala ubavu mafuta yanatokea hapohapo. Fanya hivi: toa mpira wa kupumulia kwenye kona ya juu kushoto, uvushe mpaka upande wa kulia, uupandishe juu kwenye nguzo ya bodi, urudishe kushoto ukiwa juu, halafu ndo uushushe nje chini ya gari mbali na ekzosti. Kwa njia hiyo gari likilalia upande wowote kuna kipande cha mpira kiko juu kuliko mafuta. Kwenye shina la mpira funga valvu ya kupinduka, ina kijiwe au gololi ndani inayoziba yenyewe ikigeuzwa. Kabla ya kuifunga ipulize kwa mdomo ikiwa wima, hewa ipite, halafu igeuze kichwa chini upulize tena, isipite. Ikipita irudishe dukani. Mwisho wa mpira weka kifilta kidogo, vumbi la huku mnalijua.

Na kuna upumuaji wa pili, ule wa wakati wa kujaza. Mpira wa kujazia uwe mpana, milimita 40 na kuendelea, uteremke moja kwa moja bila kupinda kama shingo ya sinki, na pembeni yake mpira mwingine wa milimita 12 au zaidi unaorudisha hewa juu karibu na mdomo. Ukiweka mwembamba, pale sheli pampu inakata kila lita mbili, yule kijana anaanza kuchungulia mdomo wa tenki kutafuta kosa lake, foleni ya bodaboda nyuma yako wanapiga honi. Unganisha pia waya wa ethi kutoka shingo ya kujazia hadi kwenye tenki na chasisi, kwa sababu ule mpira wa katikati unazuia umeme tuli usishuke.

Kufunga: chasisi inajipinda kwenye mawe, tenki halipendi kujipinda. Kwa hiyo usilichomelee kwenye chasisi, wala usilifunge upande mmoja kwenye bodi na mwingine kwenye chasisi. Tengeneza kitanda cha pembe ya chuma, kifungwe sehemu tatu tu, viwili vya nyuma na kimoja cha mbele chenye bushi ya mpira, halafu tenki likalie raba ya milimita 5 na mikanda miwili ya chuma yenye raba pia. Usitumie sponji au zulia, linanyonya tope la mbuga na chuma kinaliwa kwa chini usipoona.

Mabomba yawe ya chuma ya milimita 8, yapite upande usio na ekzosti, yabanwe kila sentimita 30 au 40, mpira utumike sehemu fupi za kuungia tu. Mpira uwe umeandikwa SAE 30R7 kwa kabureta, 30R9 kwa injini ya injekta, ile mipira ya plastiki inayoonyesha ndani inakauka na kupasuka. Pampu ya umeme iweke karibu na tenki, chini, inasukuma vizuri kuliko inavyovuta. Ya kabureta ni psi (kipimo cha presha) 2 hadi 4, ukifunga ya injekta yenye psi 40 kabureta itafurika. Na iwe na swichi ya kujikata gari likigongwa, Land Rover Discovery zinazo kiwandani, kwa wauza spea used utaipata. Kwenye dizeli kama 1HZ, injini ya Land Cruiser, angalia maungio ya upande wa kunyonya, hayavujishi tone hata moja ila yanaingiza hewa, dalili yake ni gari kukataa kuwaka asubuhi mpaka upige pampu ya mkono.

Kupima uvujaji: ziba matundu yote, paka povu la sabuni kwenye kila ungio, pulizia kwa pampu ya baiskeli hadi psi 3 basi. Usiende na compressor ya fundi matairi. Kwa psi hizo tu, ubavu wa 80 kwa 30 unasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 500, ukizidisha unavimba. Povu dogo dogo kama mate linalojirudia ungio lilelile, hapo pana tundu. Tenki likishaingia mafuta hata mara moja, usiruhusu mtu alichomelee tena gereji ya kawaida, tenki lililomwagwa likabaki na mvuke ni baya kuliko lililojaa.

Kabla hujaondoka mjini kaza klempu zote, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza ya mawe, raba zinakaa na mikanda inalegea. Geji nayo itakudanganya kwa sababu floti ya zamani, lile boya la ndani ya tenki linaloendesha geji, haijui kimo cha tenki jipya, kwa hiyo anza na tenki tupu, ongeza lita 5, subiri sindano itulie, andika, ongeza tena 5 mpaka lijae, halafu pale sindano inapokaa zikiwa zimebaki lita 10 chora mstari mwekundu kwenye kioo cha dashibodi.