Mawazo yakikulemea hapa Nakuru, anzia hapa

Si lazima ufike Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Nairobi, ndio usaidike. Uko Kaptembwo, Rhonda ama Lanet, anza na health centre iliyo karibu na wewe, beba kitambulisho, na kama umejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, waambie mapema. Kama unaogopa kwenda, ongea kwanza na yule mama wa afya anayepita nyumba kwa nyumba hapo mtaani, akuelekeze.

Sasa watu wengi hupotelea kwa mlango wa daktari. Unaingia unasema kichwa inauma na hulali, unapewa Panadol, unarudi nyumbani na shida yako vile vile. Daktari hawezi kujua kitu hujamwambia! Kabla utoke nyumbani andika kwa simu, usingizi ulipotea tangu lini, chakula unakula aje, kazi gani ulikuwa unaweza na sasa inakushinda, kama pombe imezidi andika pia, na kama umefikiria kufa andika hivyo hivyo bila kuficha. Ukiona sauti imekwama mpatie simu asome.

Hiyo ya kufikiria kufa watu huficha juu ya kuogopa polisi. Kufikiria si kosa, na ile sheria ya kushtaki mtu aliyejaribu kujiua, High Court ilisema Januari 2025 inaenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo sema tu.

Kesi ikiwa nzito utaandikiwa barua ya kwenda PGH, ile hospitali kubwa ya serikali hapa Nakuru, kuna kitengo cha wagonjwa wa akili huko. Ukipewa dawa za depresheni jua hazifanyi kazi siku moja kama za maumivu, zinachukua wiki kadhaa, na usiziache ghafla juu umeanza kusikia vizuri, rudi uulize kwanza. Maombi endelea nayo, lakini mtu akikuambia utupe dawa ndio imani yako ionekane, tafadhali usimsikize.

Ikiwa ni usiku na mtu anasema anataka kujimaliza, usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba hapo nyumbani, pigeni 1199 ya Red Cross, ni bure, ama mtafute gari mwende casualty saa hiyo hiyo.

Na kama wewe ndio umempeleka ndugu yako, ukishamfikisha kwa daktari toka nje kidogo, kuna mambo hawezi kusema ukiwa umeketi hapo.